Mhariri, rufaa za hataza za picha ndogo zisomwe kwenye madai

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako hapo chumba cha habari. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo moja ambalo nalijali sana, maana ndo kazi ninayofanya kila siku, naandika programu za kuonyesha picha kwenye simu na kompyuta. Kila ikitoka habari ya rufaa ya hataza (patent, yaani haki ya mtu kumiliki uvumbuzi wake kwa muda) inayohusu picha zilizopunguzwa ili zikae kwenye skrini, kichwa cha habari kinakuwa kampuni fulani imepewa haki ya picha ndogo, au imenyimwa, alafu watu wanaanza kubishana kama ni halali mtu mmoja kumiliki picha ndogo. Sasa hiyo hoja haipo kabisa mbele ya wanaosikiliza rufaa. Wao wanasikiliza madai, yaani zile sentensi zenye namba ambazo mwombaji ameziandika kueleza hasa anataka alindwe kitu gani, na mtu anashinda au anashindwa kwa maneno yaliyomo humo, neno kwa neno.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mtu aliyeeleza kwenye madai yake mashine inaipunguza vipi picha, na ni shida gani ya mashine inaondoka kwa kufanya hivyo, apewe hataza kama jambo ni jipya, na asinyimwe eti kwa sababu mwisho wa siku matokeo yanatazamwa na binadamu. Na yule anayesema tu picha ndogo zipangwe hivi au vile kwa sababu mtumiaji atapenda, akataliwe, hata kama programu yake ni nzuri na watu wengi wanaitumia.

Kwanza watu waelewe kwa nini kupunguza picha ni kazi, maana wengi wanaona ni kitu cha kubonyeza tu. Chukua picha ya kamera ya megapikseli 12, yenye pikseli, yaani vinukta vya rangi, 4000 kwa 3000. Kila pikseli ina rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila rangi baiti moja, kwa hiyo picha hiyo ikishafunguliwa kwenye memori inakula baiti milioni 36, hata kama faili lenyewe kwenye diski lilikuwa la megabaiti chache tu. Sasa chukua skrini ya 1920 kwa 1080. Ukiijaza picha ndogo za 160 kwa 120 zinaingia 12 kwa mlalo na 9 kwa wima, jumla 108. Programu iliyoandikwa kivivu inafungua picha zote 108 kwa ukubwa wake kamili ndo izipunguze, na ikizishika zote kwa pamoja inahitaji karibu gigabaiti 3.9 za memori, wakati kinachoonekana kwenye skrini hakifiki hata megabaiti 6.3. Tofauti hiyo ndo inayofanya simu igande, ipate moto na imalize chaji, na hakuna mtu atakayeniambia kwamba hilo ni suala la urembo.

Na njia za kuikwepa hasara hiyo ni uhandisi mtupu. Fomati ya JPEG inaikata picha kwenye vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila kipande kinageuzwa kuwa namba 64, ambapo namba ya kwanza inabeba wastani wa kipande kizima. Ukichukua hiyo namba ya kwanza peke yake kwa kila kipande unapata picha iliyopungua mara nane kila upande, ile ya 4000 kwa 3000 inatoka 500 kwa 375, na umeiruka ile hesabu nzito ya kurudisha pikseli zote. Kwenye JPEG ya kawaida bado inabidi upite kwenye data ya faili zima, lakini ile inayokuja kwa awamu, ambayo picha huonekana ukungu alafu inazidi kung'aa, namba hizo za wastani zinakuja mwanzoni, kwa hiyo unaweza kusoma mwanzo wa faili ukaishia hapo. Kamera nyingi nazo zinaficha picha ndogo ya 160 kwa 120 ndani ya faili lilelile la picha kubwa, ili kioo cha nyuma ya kamera kisihangaike. Na kuna suala la ubora pia, maana ukipunguza kwa kuruka pikseli tu, ukabakiza moja ukatupa saba, shati la mistari linatoka na mawimbi ambayo hayakuwepo, lazima uchanganye pikseli za jirani kwa hesabu inayoeleweka kabla ya kupunguza.

Nimeyasema hayo kwa urefu makusudi. Ukishajua hayo ndo unaelewa wanaosikiliza rufaa wanatafuta nini.

Nachukua mfano wa Ulaya kwa sababu huko ndo maamuzi yameandikwa kwa kina na yeyote anaweza kuyasoma. Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa mwaka 1973, kifungu cha 52, unataja vitu ambavyo havihesabiwi kuwa uvumbuzi: ugunduzi wa kisayansi na kanuni za hisabati, kazi za urembo, mbinu za kufikiri au za kufanya biashara au za kucheza michezo, programu za kompyuta, na mwishoni kabisa uwasilishaji wa taarifa. Hiyo ya mwisho ndo inawagusa watu wa skrini. Kuonyesha picha ndogo ni kuwasilisha taarifa, kwa hiyo mkaguzi anaweza kusema moja kwa moja hapana. Lakini kifungu hichohicho kinaongeza kwamba katazo linahusu mambo hayo yakidaiwa yenyewe kama yenyewe, na nafasi yote ya kubishana imo kwenye maneno hayo machache.

Bodi za Rufaa za Ofisi ya Hataza ya Ulaya zimejenga geti mbili. Geti la kwanza ni jepesi, tangu uamuzi wa T 258/03 wa mwaka 2004, wa kampuni ya Hitachi, ukitaja kifaa chochote kwenye madai, hata kompyuta ya kawaida, umeshavuka. Geti la pili ndo lina meno. Kwa uamuzi wa T 641/00 wa mwaka 2002, ambao watu wa fani wanauita Comvik, ukifika kwenye swali la kama kuna hatua ya kiuvumbuzi, yaani kitu ambacho mtaalamu wa kawaida asingekiona wazi, kila kipengele kisichochangia kutatua shida ya kiufundi kinawekwa pembeni, kama vile hakikuandikwa. Unabaki na yale ya kiufundi peke yake, na hayo ndo yanapimwa dhidi ya yaliyokuwepo zamani. Mwaka 2021 Bodi Kuu ya Rufaa iliuthibitisha utaratibu huo kwenye uamuzi wa G 1/19, kwa hiyo si kitu cha kupita.

Sasa tuje kwenye picha ndogo zenyewe. Uamuzi ambao mimi nauheshimu kuliko yote ni T 643/00 wa mwaka 2003, rufaa ya kampuni ya Canon kuhusu kutafuta picha zilizohifadhiwa kwenye mashine. Wazo lilikuwa picha nyingi zionekane kwa pamoja kwenye skrini, ubavu kwa ubavu, kwa resolusheni ya chini, yaani pikseli chache, mtumiaji atazame achague, ndo aletewe picha yenye ubora zaidi. Ukiisoma kwa haraka utasema hii ni albamu tu, mpangilio wa kumpendeza mtazamaji, irudishwe. Bodi haikwenda hivyo. Ilisema mpangilio wa vitu au picha kwenye skrini unaweza kuwa umetokana na mazingatio ya kiufundi, kama lengo lake ni kumwezesha mtu afanye kazi ya kiufundi, kama kutafuta na kutoa picha zilizohifadhiwa kwenye mashine ya kuchakata picha, kwa haraka na kwa ufanisi zaidi, hata kama ndani yake kuna hatua ambapo mtu anatumia akili yake kupima anachokiona.

Hiyo sehemu ya mwisho ndo nzito kwangu. Kabla yake hoja iliyokuwa inawamaliza waombaji ni kwamba pale binadamu anapoingia katikati, akatazama na kuamua, basi mnyororo wa kiufundi umekatika. Lakini fikiria mtu anayetafuta picha moja kati ya maelfu. Mashine haijui anataka ipi. Lazima imuonyeshe, na kumuonyesha picha kamili moja baada ya nyingine ni kupoteza memori na muda wa mashine, kwa hiyo resolusheni ya chini pale haikuchaguliwa kwa sababu inapendeza, imechaguliwa kwa sababu ndo inaruhusu picha nyingi zitoke haraka kwenye hifadhi na zikae pamoja kwenye kioo kimoja. Jicho lipo, akili ipo, lakini kazi iliyorahisishwa ni ya mashine na mtu kwa pamoja. Bodi iliona hivyo na mimi nasema iliona sawasawa.

Kuna nyingine ya mwaka 2006, T 928/03, ya kampuni ya Konami, mchezo wa mpira wa miguu kwenye video. Unataka wachezaji waonekane wakubwa, lakini ukiwakuza uwanja hauenei kwenye skrini na yule unayetaka kumpasia anakuwa nje ya kioo. Wao waliweka alama pembeni mwa skrini inayoonyesha mwenzako yuko upande gani. Bodi ikakubali kwamba hapo kuna mgongano wa mahitaji mawili ya kiufundi, kukuza sehemu ya picha kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine kioo kuwa kidogo kuliko eneo unalohitaji kuliona, na kuutatua mgongano huo ni jambo la kiufundi. Ukiitazama vizuri ni shida ileile ya picha iliyopunguzwa ila imegeuzwa, ukipunguza unaona yote lakini huoni undani, ukikuza unaona undani na unapoteza mengine. Kila anayeandika programu ya ramani au ya picha anaishi na shida hiyo.

Lakini sitaki msomaji adhani kila anayefika Munich, yaliko makao ya ofisi hiyo ya Ulaya, na skrini anaondoka na hataza. Kwenye T 1741/08 ya mwaka 2012, kampuni ya SAP ilileta hoja ambayo kwa kusikia inavutia: skrini ikipangwa vizuri mtumiaji anaelewa haraka, akielewa haraka anakosea kidogo na anabonyeza kidogo, akibonyeza kidogo kompyuta inatumia nguvu kidogo, kwa hiyo mpangilio umeokoa rasilimali za mashine na ni wa kiufundi. Bodi ilikataa. Ilisema mnyororo huo unapita ndani ya kichwa cha mtu, na kama akiba inatokea kwa sababu tu mtu ameelewa vizuri, basi hiyo si kazi ya mpangilio kwenye mashine. Nakubaliana na bodi kabisa, tena nasema ingekuwa hatari kubwa ikipita, maana kwa hoja hiyo kila kitu kinachosomeka vizuri kingekuwa uvumbuzi, herufi kubwa, rangi nzuri, picha ndogo tatu kwa mstari badala ya nne, na sisi tunaoandika programu tungekuwa tunamwogopa kila mtu.

Wengine wanasema T 643/00 na T 1741/08 zinapingana. Mimi sioni hivyo. Kwenye ile ya Canon, ukimtoa mtu kwenye chumba bado mashine imefanya kitu tofauti, imetoa data ndogo kwenye hifadhi badala ya kubwa. Kwenye ile ya SAP ukimtoa mtu hakuna kilichobaki cha tofauti, mashine inachora vitu vilevile kwa gharama ileile. Hicho ndo kipimo ninachowaomba watu wakitumie wanaposoma habari za rufaa hizi, na ningependa na waandishi wenu wakitumie, kwa sababu kinamfikisha msomaji kwenye kiini bila kumchosha na vifungu.

Hata hivyo kipimo hicho kina mpaka wake, na hapo Ujerumani imenisaidia. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Shirikisho, Bundesgerichtshof, ilisikiliza kesi inayojulikana kama Bildstrom, kuhusu kidonge chenye kamera ambacho mgonjwa anakimeza, kinapita tumboni kikipiga picha njia nzima. Daktari anabaki na mkondo mrefu wa picha wa kutazama, na hataza ilihusu kuzigawa picha za mkondo huo ili makundi kadhaa yaonekane kwa wakati mmoja kwenye skrini moja. Msimamo wa mahakama ni kwamba maelekezo yanayohusu taarifa inayoonyeshwa yanahesabika pale tu yanapoamua au kuathiri namna shida ya kiufundi inavyotatuliwa kwa njia za kiufundi. Na kuonyesha picha kwa namna inayozingatia uwezo wa kimwili wa binadamu kuona na kupokea kunaweza kuingia humo. Yaani jicho kama kiungo chenye mipaka yake linaweza kuwa sehemu ya shida ya kiufundi, ila mtu kupenda au kutopenda anachokiona hakumo. Mwaka huohuo mahakama hiyohiyo iliifuta hataza ya Apple ya kufungua simu kwa kusukuma alama kwenye kioo, kwa sababu kilichobaki baada ya mchujo hakikuwa na hatua ya kiuvumbuzi. Kwa hiyo kuvuka swali la ufundi hakukuhakikishii ushindi.

Marekani wao wanakwenda kwa njia nyingine, wanauliza kama dai ni wazo dhahania tu, hasa baada ya kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank ya mwaka 2014 kule Mahakama ya Juu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilikataa hataza ya TLI Communications ya kupanga na kuhifadhi picha za dijitali zilizotumwa kutoka kwenye simu, ikasema simu na seva humo ni vyombo vya kawaida tu vilivyowekwa kubeba wazo. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo kwenye Core Wireless dhidi ya LG ikakubali hataza ya muhtasari mdogo wa programu unaoonekana kwenye menyu ya simu yenye kioo kidogo kabla programu haijafunguliwa, kwa sababu madai yalieleza namna mahususi ya kuonyesha na kuboresha kifaa chenye skrini ndogo. Umahususi ndo uliowabeba, na ndo nilichokuwa nakisema pale juu.

Kinachoniogopesha mimi ni madai mapana. Mtu ana njia nzuri kabisa ya kusoma namba za wastani kwenye JPEG, lakini wakili wake anaandika tu "kupata toleo dogo la picha na kulionyesha", ili awanase wengi. Dai kama hilo halina uhai wowote mbele ya historia. Mwaka 1983 Lance Williams alishachapisha namna ya kuhifadhi picha moja kwa ngazi nyingi, kila ngazi nusu ya iliyotangulia kila upande, na ngazi zote za chini kwa pamoja zinaongeza theluthi moja tu ya nafasi. Mwaka 1992 Kodak walishaweka sokoni Photo CD, ambayo kila picha ndani yake ina ukubwa tofauti tofauti, kuanzia 192 kwa 128 kwa ajili ya kutazama haraka. Kwa hiyo anayekuja leo na picha iliyopunguzwa lazima aseme ameongeza nini juu ya hayo, na kama ameongeza kweli basi aandike hilo kwenye dai, asilifiche kwenye maelezo marefu alafu adai dunia nzima. Akinyimwa kwa sababu hiyo asilalamike kwamba sheria haipendi programu.

Na hapa ndo nakuja kwako Mhariri. Hataza ya Ulaya inaweza kudumu miaka 20 tangu siku ya kuomba, na ombi linachapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa au tangu tarehe ya kipaumbele, yaani ya ombi la kwanza la uvumbuzi huohuo, kama ipo, na tangu hapo faili linasomeka bure kwenye intaneti kwenye rejista ya ofisi hiyo, pamoja na barua za mkaguzi na majibu ya mwombaji. Mwombaji akikataliwa ana miezi miwili ya kukata rufaa na miezi minne ya kuleta sababu zake, yote ikihesabiwa tangu alipopewa uamuzi, na uamuzi wa bodi ukitoka unachapishwa. Kwa hiyo mwandishi hana sababu ya kutegemea taarifa ya kampuni kwa vyombo vya habari. Afungue dai namba 1, alinukuu au alieleze kwa Kiswahili cha kawaida, na aseme bodi ilihesabu vipengele vipi kuwa vya kiufundi na ilitupa vipengele gani. Nina hakika wasomaji wataelewa, watu wanaotumia simu kila siku hawashindwi kuelewa kwa nini picha 108 hazifunguliwi zote kwa ukubwa kamili.

Na habari hizi mziandike mapema, hili nalisisitiza. Ombi likiwa bado linakaguliwa, mtu yeyote duniani anaweza kuiandikia ofisi hiyo kuionyesha kwamba kitu hicho kilikuwepo zamani, kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, bila kulipa chochote na hata bila kutaja jina. Hataza ikishatolewa, kuna miezi tisa tu ya kuweka pingamizi rasmi, na hilo lina ada. Miezi tisa ikipita, inabidi uende mahakama za nchi moja moja au, kwa hataza zilizo chini yake, ile Mahakama ya Pamoja ya Hataza iliyoanza kazi Juni 2023, na kwenye hiyo ya pamoja kwa kawaida bila wakili huingii. Habari ikitoka kwenye gazeti wakati rufaa imeshaamuliwa na hataza imeshatoka, mwandishi wa programu aliye na ushahidi wa zamani kwenye kompyuta yake, ambao ungetosha kulipunguza dai pana, anakuwa amebakiwa na zile njia za gharama tu.

Wako msomaji,
Mwandishi wa programu za picha